Mguu wa Bibi Haujauzwa

Tarehe 3 Februari

Mume wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujauliza kama nimekula. Nimekula. Magoti yananisumbua asubuhi tu, ikifika saa nne tunasameheana. Mama yako alipita wiki jana akitoka zamu ya usiku hospitalini, akalala kwenye kochi na viatu miguuni, nikamwacha. Mpangaji wa chumba cha nyuma amenunua tarumbeta. Sisemi zaidi. Ukisikia nimefungwa, utajua sababu.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kuta za nyumba hii nyembamba na wapangaji wana masikio marefu, tena neno la simu likishasemwa limekwenda. Hili nataka liwe kwenye karatasi.

Kiwanda kimeniandikia. Unajua kila mwaka wananilipa kidogo kwa kila mguu wa lastiki wanaouza, yaani kile kichuma changu cha cherehani kinachokandamiza kitambaa na kuivuta lastiki sawasawa fundi anaposhona kiuno cha sketi. Sasa wanasema hawatalipa tena. Wanasema niliwauzia huo mguu moja kwa moja, malipo yalikuwa ya awamu, na awamu zimekwisha. Mguu ni wao, na kuanzia mwaka huu watautengeneza kwa plastiki.

Ushahidi wao ni nini? Fomu yangu ya kodi! Kila mwaka kabla ya kunilipa waliniomba nakala, nami nikawapa kwa moyo mweupe. Kwenye fomu hiyo fedha za mguu nimeziandika chini ya Faida ya Mtaji, pale wanapoandika watu waliouza shamba au nyumba. "Wewe mwenyewe umeiambia serikali kwamba umeuza," wameniandikia, na mbele wakaweka alama ya mshangao. Alama ya mshangao, kwangu mimi!

Fedha nitaishi bila hizo, nina vyumba vyangu. Lakini plastiki, mume wangu! Sindano ikikimbia plastiki inapata moto, inalegea, lastiki inajikunja, na fundi analaani jina la nani? La meneja halijui. Mafundi wote wanauita Mguu wa Bibi. Sitakubali jina langu libandikwe kwenye takataka.

Sina wasiwasi hata kidogo. Nilikusomesha uhasibu kwa kupunguza suruali za watu. Sasa nataka kuiona hiyo elimu ikifanya kazi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi

Tarehe 19 Februari

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimekula, ingawa si vizuri kama ningekula kwako. Chumba changu kipya kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mvua naisikia tu, siioni. Kuhusu tarumbeta, mkataba wa upangaji niliokuandikia una kifungu cha kelele. Msomee kwanza, fagio lije baadaye.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, mara ya tatu nikakaa.

Bibi, fikiria huyo wa tarumbeta. Anakulipa kila mwezi. Siku moja aje akwambie, "Bibi, nimelipa miaka mitatu, sasa chumba changu." Utamjibu nini? Basi kiwanda ni mpangaji wako. Mguu ndio nyumba, na cheti cha hataza chenye jina lako, kile cha serikali kinachosema wewe ndiye uliyeubuni, ndiyo hati ya nyumba. Wanachokulipa kwa kuutumia kinaitwa mrabaha, na mrabaha ni mapato kama kodi ya vyumba vyako. Faida ya Mtaji ni pale unapouza nyumba yenyewe, ukakabidhi hati na ufunguo. Kodi ya serikali huko ni ndogo, ndiyo maana wajanja hupenda kujipenyeza. Ofisi ya kodi ikigundua itadai tofauti, na hilo linalipika. Kinachonitisha ni hii saini yako, miaka mitatu mfululizo, chini ya maneno yanayosema umeuza.

Nitumie mkataba na kila karatasi uliyowahi kupewa na kiwanda, hata kama unaiona haina maana. Mwenzangu wa meza ya dirishani, aliyesomea sheria, anasema tusijibu barua yao mpaka tumeona kila kitu.

Na niambie ni nani aliyekujazia fomu. Nitajie tu, mengine niachie mimi.

Mjukuu wako

Tarehe 5 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Kifungu cha kelele nimemsomea. Amehamia kupiga tarumbeta bafuni, akidhani kule si chumba. Mama yako amebadilishiwa zamu, sasa anaonekana mchana kama watu wengine.

Karatasi zote nimezifunga kwenye bahasha hii. Utaona mkataba wenyewe ni ukurasa mmoja. Unasema kiwanda kitatengeneza mguu na mimi nitalipwa kwa kila kipande, basi. Siku ile tulipeana mikono, tukanywa soda, kila mtu akaondoka akiamini anachoamini.

Fomu hakunijazia mtu. Niliijaza mwenyewe, kwa kalamu yangu, kwenye meza yangu. Kwa nini niliandika pale nilipoandika? Hayo ni yangu na fomu. Tuliudhiana.

Lakini kuuza, sikuuza, na nitakwambia ninavyojua. Mchoro wa mguu niliuchora kwenye karatasi ya kaki, ileile ya kukatia nguo, nikawapa kiwandani watengenezee kalibu ya kuumbia kichuma. Sasa sikiliza desturi yetu mafundi wa mtaa huu, tangu enzi za waliotufundisha. Ukimwazima mwenzako karatasi ya kukatia, unampa ikiwa na pembe zote nne, akimaliza anarudisha. Ukimuuzia, mnaishika wote wawili, unakata pembe moja mbele ya macho yake, na kipande kile unabaki nacho wewe. Hapo umemaliza. Hata akiigeuza ashonee mbuzi kaptula, huna neno.

Mchoro wangu niliwapa una pembe nne. Najua ofisi yenu haitambui pembe. Nimekwambia ili ujue kwamba mkeo hasemi uongo.

Na huyo mwenzako wa meza ya dirishani ana miwani au hana? Nauliza tu.

Bibi

Tarehe 22 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo, na samahani. Kile kikaratasi chako cha maneno matatu, "Umekufa au umeoa?", kimenifikia ofisini na kimesomwa na watu wengi kuliko nilivyopenda. Sijafa.

Huu ulikuwa msimu wa fomu. Wateja walikuwa wanapanga foleni mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na mfuko wa risiti. Nilikuwa nafika nyumbani nikiwa sina hamu hata ya kuvua shati. Mama alinipigia simu, akaniambia magoti si ya asubuhi tu. Wewe ulisema ni asubuhi tu. Tutalizungumza.

Sasa habari yenyewe, na ni habari njema. Ndani ya bahasha yako kulikuwa na vipakiti vidogo vya karatasi ya kijani, ulivyovikunja ukawekea vifungo. Najua hukukusudia kunitumia vifungo. Mwenzangu alianza kuvikunjua ili avihesabu, akaniita. Bibi, unajua umekunja nini? Ni vyeti vya kodi ya zuio. Kila mwaka kiwanda kilikata sehemu ya kodi kabla ya kukulipa, kikaipeleka serikalini na kukupa cheti. Na kwenye kila cheti, mbele ya "aina ya malipo", wameandika wao wenyewe kwa mashine: mrabaha.

Maana yake ni hii. Kiwanda kimeiambia serikali kwamba mguu kinaukodi kwako, na kila mwaka kimeyahesabu malipo yako kuwa gharama ili chenyewe kilipe kidogo. Leo kinakuja kukwambia wewe kwamba kiliununua. Hakiwezi kuwa mpangaji mbele ya serikali na mwenye nyumba mbele yako. Wakishikilia kwamba walinunua, itabidi wakasahihishe hesabu zao zote, na meneja wao hatalala.

Ila hatuwezi kuwanyooshea kidole huku fomu yako inasema yaleyale wanayoyasema wao. Ni lazima tuanze kwetu. Tusahihishe fomu zote tatu, tuhamishe fedha za mguu kutoka Faida ya Mtaji kwenda kwenye mrabaha, ulipe tofauti pamoja na riba. Tena mapema, kabla ofisi ya kodi haijabisha hodi yenyewe. Na kwenye fomu ya masahihisho kuna nafasi inayouliza sababu ya kosa. Siwezi kuandika "waliudhiana".

Bibi wangu, sababu ni nini?

Mjukuu wako

Tarehe 4 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Magoti ni yangu, mama yako hakupewa aripoti. Mpangaji wa tarumbeta amejifunza wimbo mmoja mzima na sasa naanza kumsikiliza, Mungu anisamehe.

Unataka sababu. Kaa chini, na huyo wa dirishani asisome juu ya bega lako. Ameshasoma? Mwambie hajambo.

Mwaka ule wa kwanza nilivaa miwani, nikachemsha chai, nikaifungua fomu kwa heshima zote. Nikautafuta mrabaha. Nikauona, uko chini ya kichwa cha maneno kilichopigwa wino mzito: MAPATO YASIYOTOKANA NA KAZI. Umewekwa pamoja na riba za benki na watu walioshinda bahati nasibu.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini lile walinichagulia.

Yasiyotokana na kazi! Mguu ule niliuanza babu yako yu hai na nikaumaliza hayupo. Nilikata waya za miavuli. Nilisaga kijiko kile cha wageni, na babu yako akala kwa kijiko cha plastiki bila kulalamika, maana alijua ameoa nani. Sindano imenitoboa kidole hiki cha shahada mpaka ukucha ukaota upande. Mchana nilishona za watu ili nyinyi mle, na kila nilipopata mwanya nikarudi kwenye kile kichuma. Mara lastiki inakatika, mara inavutika kama ulimi wa ng'ombe. Siku ilipopita sawasawa, pindo lote, bila kujikunja hata mahali pamoja, nililia hapo hapo kwenye cherehani mteja akinitazama. Halafu anakuja mtu na karatasi yake kuniambia hakuna nilichokifanya!

Nilishuka chini ya ukurasa kwa hasira, nikakuta kisanduku kingine: Faida ya Mtaji. Nikasema hapa ndipo pangu. Mtaji wangu ni mikono na akili, na hii ndiyo faida yake. Nikaandika, nikapigia mstari mara mbili. Kwamba kodi yake ni ndogo nilikuja kujua baadaye. Nisikufiche, sikuhuzunika.

Sasa unanirudisha kwenye kisanduku cha wavivu. Haya, nirudishe. Heri nilipe kodi kubwa mguu ukabaki wangu, kuliko kulipa ndogo kama mtu aliyeuza. Chukua fedha za vyumba, usiniulize mara ya pili. Ila kwenye hiyo nafasi ya sababu andika nilivyokwambia. Usinipambie.

Bibi

Tarehe 28 Mei

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mama ameniambia umekubali kwenda kuangaliwa magoti. Pia ameniambia umemtishia daktari. Naomba umsikilize huyo daktari hata kama ni mdogo kwa umri.

Fomu zimepokewa. Nilikuwa nimeandika sababu kwa lugha ya ofisini, "mkanganyiko wa uainishaji wa mapato", mwenzangu akaifuta, akaandika: "Mlipakodi alikasirishwa na kichwa cha maneno." Afisa aliyepokea akauliza kama tunamtania. Tukampa barua yako aisome ukurasa ule mmoja. Aliusoma taratibu mpaka mwisho, akasema mama yake naye alikuwa fundi. Umetozwa tofauti na riba, faini umesamehewa kwa sababu umejitokeza mwenyewe. Nimeshalipa kwa fedha ulizotuma, risiti ninayo.

Kiwanda nacho tumekiandikia, tukaambatisha nakala za vyeti vyao. Wamejibu haraka sana, kwa adabu, bila alama ya mshangao. Wanaomba kikao tarehe 18 mwezi ujao. Mimi nina ukaguzi siku hiyo na mkuu wangu hasikii la mtu. Atakuja mwenzangu. Sheria anaijua, na miwani anayo.

Jambo moja nikuandae. Wakishindwa kusema walinunua jana, watataka kununua leo. Zitakuwa fedha nyingi kwa mkupuo, kuliko mrabaha wa miaka mingi. Na safari hii Faida ya Mtaji ndiyo itakuwa mahali pake halisi, kodi ndogo, halali kabisa, hakuna wa kukuuliza. Kama mhasibu wako ni wajibu wangu kukwambia hivyo. Kama mjukuu wako nanyamaza.

Mjukuu wako

Tarehe 21 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Mke mwenzangu amefika salama. Alifika na viatu vimejaa vumbi, akaomba ndoo ya maji kabla ya kuomba kiti, na jioni akaniuliza kwa nini sindano za mashine zina bapa upande mmoja. Mwanamke anayeuliza hivyo haniibii mume, namkaribisha. Barua sita unaniandikia "mwenzangu, mwenzangu", kama vile mimi nilizaliwa jana! Barua zako ni tatu? Basi zilinichosha kama sita.

Sasa kikao. Chumba kina meza ya kioo, unaona miguu ya kila mtu. Meneja, yule ninayemwita Tabasamu, alikuwa anatikisa wa kwake. Mwenzako akapanga vile vyeti vya kijani mezani, vikiwa bado na makunyanzi ya vifungo, akasema maneno machache sana. Tabasamu akavisoma. Akamtazama wakili wao, wakili akatazama chupa ya maji.

Ndipo ikawa kama ulivyosema. "Mama, tusifike mbali. Tunanunua." Akaandika tarakimu kwenye karatasi, akanigeuzia. Sifuri zilikuwa nyingi, nikadhani kalamu imekwama. Nisikudanganye, nilitamani. Niliona paa jipya. Niliona wapangaji wote wamehama na mimi nimelala mpaka saa tatu. Nikauliza jambo moja tu: "Nikiuza, mtatengeneza kwa chuma au kwa plastiki?"

Akasema, "Mama, ukishauza, hilo linakuwa letu."

Jibu la kweli, simlaumu. Nikafungua mkoba nikatoa mkasi wangu mkubwa, nikauweka juu ya kioo. Tabasamu akarudisha kiti nyuma. Nikaomba waniletee mchoro wangu. Msimamizi wa karakana, mzee aliyeanza maisha kwenye cherehani kama mimi, akaenda mwenyewe kuuleta. Akaukunjua mezani. Ilikuwa kaki ileile, penseli yangu ileile, alama ya chai ya babu yako tangu nilipoanza kuchora, na pembe zote nne. Yule mzee alipouona mkasi alijua tumefika wapi. Akashika upande wake wa karatasi, akasubiri.

Nilishika upande wangu. Halafu nikaurudisha mkasi mkobani, na yule mzee akacheka kwa sauti mbele ya bosi wake.

Mkataba mpya ameuandika mwenzako palepale. Kiwanda kinakodi. Mguu ni chuma, na siku watakapogusa plastiki ukodishaji umekufa. Malipo waliyozuia wametoa. Kisha nikasema karatasi ya kuazima hurudi kwa mwenyewe, nikaikunja, nikatoka nayo.

Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya bahasha hii. Itoe polepole, imechakaa kwenye mikunjo. Sasa tazama pembe ya juu, upande wa kulia.

Nimeikata jana, mchana kweupe, kwenye meza yangu ya kazi. Kwa kuwa hukuwepo, huyu wako alishika upande wako. Kipande kiko kwenye kopo langu la vifungo. Na hati ya hataza mtaenda kuibadilisha jina kwa taratibu zenu, maana amenieleza kwamba serikali haisomi pembe. Usianze kulia ukidhani naaga dunia. Daktari amesema magoti tu ndiyo yamezeeka, na wa tarumbeta ameniahidi kupiga kwenye harusi yenu, kwa hiyo nina sababu mbili za kuwa hai. Nilitaka tu mguu uwe wako nikiwa naona.

Hapo mwanzo nilikuomba uulinde kwa sababu ni wangu. Uliulinda. Sasa ulinde kwa sababu ni wako, na uwe wa chuma siku zote.

Na mwakani utakapofika kwenye ile fomu, usihangaike kutafuta mahali pa kuandika mrabaha wako wa kwanza. Umepewa bure, hujatobolewa kidole, hujasaga kijiko. Kisanduku chako unakijua, kina wino mzito. Andika humo, na usithubutu kukasirika.

Mkeo wa kwanza, ambaye bado ni wa kwanza,
Bibi